Tangazo la Msiba Lenye Picha ya Mtu Aliye Hai

Jumamosi asubuhi Kostansia alikuwa jikoni kwake, Reynoldsburg, Marekani, anachagua maharage. Simu ikalia. Alipoitikia, mtu wa upande wa pili akapiga ukelele, akakata. Kisha rafiki yake wa kwaya akampigia.

"Kostansia, kumbe u mzima? Kuna tovuti imetangaza msiba wako!"

Mumewe, Ferdinandi, akaifungua tovuti hiyo kwenye simu yake. Ilikuwa ya matangazo ya Warundi wa Marekani, kama wao. Kweli, mwanamke mwingine aitwaye Kostansia alikuwa amefariki huko Louisville. Lakini picha ilikuwa ya Kostansia huyu wa maharage.

"Mama ana presha," Kostansia alisema, akaanza kulia. "Habari hii ikimfikia huko kambini kwa wakimbizi, Nyarugusu, nitampoteza."

Akampigia mama yake. Simu ilikuwa imezimwa.

Ferdinandi akatafuta namba ya mwenye tovuti, asiione. Akaangalia usajili wa jina la tovuti. Hapo palikuwa pameandikwa kwamba habari za mwenyewe zimefichwa.

"Anayejificha ana lake," alisema. "Hawa ni matapeli."

Hasira hasara. Alituma kiungo cha tangazo katika magrupu yote ya WhatsApp, eti watu waonywe. Wengi hawakusoma maonyo yake. Waliona picha tu, wakalia.

Mchana mlango ukagongwa. Alikuwa Umuhoza, jirani wa ghorofa ya juu, mwenye asili ya Kivu. Alikuwa amebeba mchele na sukari vya msiba. Marehemu mwenyewe akamfungulia mlango.

"Mungu wangu!" Umuhoza alisema. Mchele nusura uanguke.

Walipomweleza, alitikisa kichwa. Yeye ndiye anayesimamia tovuti ya kanisa lake.

"Bon, papa, kwanza futa ile link mahali pote. Ni wewe unaisambaza. Na kuficha jina haiko kosa. Hata tovuti ya kanisa yetu, mimi nilificha. Bila vile, kila mutu angeona adresi ya nyumba yangu."

"Sasa tutampataje?" Ferdinandi aliuliza.

"Angalia chini ya ukurasa, kama kuna mahali pa kuandikia. Hakuna? Donc, basi, rudia kwenye usajili. Pale kampuni yenye ilisajili jina imeweka email yake. Andika kwa ile. Hautajua jina ya mwenyewe, lakini kampuni itamutumia barua yako."

"Na akinyamaza?"

"Utaandikia kampuni yenye inahifadhi tovuti. Lakini usitukane, papa."

Ferdinandi alifuta viungo vyote. Kisha akaandika: "Shalom. Katika tangazo hili mmeweka picha ya mke wangu. Yeye yu hai. Tafadhali iondoeni leo, maana mama yake ni mgonjwa." Akaweka kiungo cha ukurasa ule na namba yake ya simu.

Jioni mama mmoja wa Buffalo, jina lake Zita, akampigia simu.

"Mnisamehe sana," alisema. "Tovuti ni yangu, naiendesha hapa nyumbani. Nilitafuta picha kwa jina, nikachukua ya kwanza, wala sikuuliza. Nimeshaiondoa. Familia ya Louisville imenipa picha ya marehemu, nimeiweka."

Ferdinandi alikuwa na maneno makali tayari. Akayameza, akashukuru.

Kesho yake simu ya mama ilipatikana. Habari ilikuwa haijamfikia. Kostansia alimsimulia yote taratibu. Mama akauliza:

"Huyo aliyefariki, picha yake sasa ipo?"

"Ipo, Mama."

"Afadhali," mama alisema. "Na yeye ana mama yake."