Tangazo la Kwanza la Ndoa Yangu

"Tangazo la kwanza," alisoma Mwinjilisti Kristofa. "Sefania Abrahamu wa mtaa huu anataka kumwoa Dorkasi Hezekia wa mtaa huu. Mwenye kujua kizuizi na aseme."

Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, karibu na dirisha, nikitazama ukungu ukipanda kutoka bonde la Mlalo. Mawazo yangu yalikuwa Tanga. Jina langu lilinifikia kama sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde.

Mama mmoja alinigusa bega. "Hongera, mwanangu! Mbona ulituficha?"

Nikasimama.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, Dorkasi. Kuna nini?"

"Nina kizuizi."

Kanisa zima liligeuka.

"Kizuizi cha ndoa ipi?"

"Hiyo uliyoisoma. Yangu."

Mtu mmoja kwenye safu ya waimbaji wa besi alicheka, akajikohoza.

"Lakini wewe ndiye bibi arusi!"

"Hakuna aliyeniuliza, Mwinjilisti."

Upande wa wanaume, baba alimgeukia Sefania. Sefania naye alikuwa anamtazama baba. Nikaelewa yote kwenye nyuso zao. Washenga walikuja nyumbani Jumanne, nikiwa kwenye darasa la jioni. Baba alikubali, akapeleka majina kwa Mwinjilisti. Mchungaji ambaye angeniita na kunihoji hufika mtaani kwetu mara moja kwa mwezi. Baba alidhani Sefania ameniambia. Sefania alidhani baba ameniambia.

"Tuombe," alisema Mwinjilisti Kristofa.

Zamani tulikuwa watatu: Yunis, Paskalina na mimi. Tuliimba sauti ya pili, tukachota maji pamoja, tukachekea mambo ambayo hakuna mwingine aliyeyaona. Kisha Yunis akaolewa na bwana shamba, akahamia Moshi. Paskalina akaenda kusomea uuguzi Tanga. Mimi nilikuwa nimetoka shule darasa la pili ili nimuuguze mama. Aliugua miaka mingi; alipopona, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilijiona kama mtu aliyesinzia njiani akaamka wenzake wameshapita. Nililima, nikapeleka matunda ya pea sokoni, nikasali. Siku zilipita kama mawingu yale ya Usambara, yasiyonyesha wala kuondoka.

Serikali ilipoanzisha masomo ya watu wazima, nilijiandikisha. Barua ya kwanza niliyoweza kuisoma peke yangu ilitoka kwa Paskalina:

"Njoo Tanga. Hospitalini wanatafuta wa kufua mashuka. Chumba changu kina vitanda viwili. Huko unangoja nini?"

Niliyasoma maneno ya mwisho mara nyingi kuliko mengine. Nikapanga kuondoka Alhamisi. Nilikuwa nimemwambia Mungu tu.

Tulipofika nyumbani kutoka kanisani, baba hakuvua hata kofia.

"Umeniaibisha, Dorkasi."

"Nisamehe, baba. Hata mimi nimeaibika."

"Sefania ana ubaya gani?"

"Hana ubaya."

"Sasa?"

"Sasa aseme mwenyewe."

Mama alicheka jikoni. "Baba Dorkasi, si hata wewe uliniuliza mwenyewe? Tena mara tatu. Mara ya kwanza ulimuuliza mbuzi wetu, mimi nikiwa nyuma yake."

Baba alivua kofia.

Jumatatu saa kumi jioni nilikwenda darasani kama kawaida. Sefania, aliyesoma darasa hilohilo, alikaa nyuma, kichwa kimeinama, vumbi la mbao kwenye nywele. Kazi yake ilikuwa kupasua mbao msituni. Masomo yalipokwisha, alinisubiri njiani.

"Dada Dorkasi."

"Kaka Sefania."

"Nilidhani mzee amekuambia."

"Naye alidhani hivyo hivyo."

"Niliogopa. Nikasema wakubwa wakishazungumza, itakuwa rahisi."

"Rahisi kwa nani?"

"Kwangu."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

"Niambie kweli, Mungu anasikia. Umenichagua kwa sababu nimebaki?"

"Umebaki wapi?"

"Yunis ana mume. Paskalina ana sare nyeupe. Ukitazama huku, ni mimi tu. Kama pea la mwisho kapuni, ambalo kila mtu ameshalibonyeza."

Ukungu ulishuka, ukaificha njia, ukamficha hata yeye. Ilibaki sauti yake.

"Mlipokuwa watatu, mimi niliimba besi nyuma yenu. Wenzako walivuta pumzi mwisho wa mstari. Wewe ulivuta katikati, ukidhani hakuna anayesikia. Mimi nilikuwa naongeza sauti hapo, ili pengo lako lisijulikane."

"Tangu lini?"

"Miaka minne sasa."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa na wenzako. Halafu mama akazidiwa. Halafu nikazoea kusema kesho. Hata mimi wenzangu wamekwenda, dada. Rajabu anaendesha lori Korogwe. Akinipungia mkono kutoka dirishani, najiona nimeota mizizi."

Nilihamisha daftari mkono mwingine.

"Alhamisi nakwenda Tanga," nilisema.

"Umeamua?"

"Nusu."

"Basi nitamwambia Mwinjilisti afute tangazo. Na ukitaka, nitakubebea mzigo mpaka kwenye basi."

"Hutanizuia?"

"Wameshakupangia mara moja bila wewe. Inatosha."

Jumatano alfajiri nilipiga magoti kwenye migomba. "Bwana, nionyeshe mahali pangu." Sikusikia sauti. Niliona tu mama akiwasha moto, moshi ukichanganyika na ukungu, nikajiuliza: ninaitaka Tanga, au nataka tu Paskalina asiniulize tena ninangoja nini? Nikakaa na swali hilo mpaka jua lilipotokea. Kisha nikatafuta kalamu.

"Dada Paskalina, siji kesho. Nitakuja baada ya mavuno, nikutembelee, nisikufuate. Hukuniuliza mimi nataka nini, lakini hata mimi nilikuwa sijajiuliza. Wako, Dorkasi. Barua hii nimeiandika mwenyewe."

Alhamisi asubuhi nilisikia basi likihangaika kupanda kona, kisha mlio wake ukapotelea mbali. Nikajifunga khanga, nikaingia msituni.

Mzee Ramadhani, aliyepasua mbao pamoja na Sefania, alikuwa amesimama juu ya gogo lililolazwa juu ya shimo, ameshika msumeno kwa juu. Sefania alikuwa chini shimoni, akivuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umepotea njia?"

"Hapana. Kaka Sefania!"

Uso uliojaa vumbi ukatazama juu. "Dorkasi? Leo si Alhamisi? Basi lako..."

"Limeondoka. Niulize."

"Hapa? Nina vumbi mpaka masikioni."

"Hapa hapa."

"Muulize, kijana," alisema Mzee Ramadhani, akiachia msumeno, "na mimi nipumzishe mkono."

Sefania alipanda kutoka shimoni. Aliniuliza kwa Kishambaa, polepole, akilitaja jina langu na la baba, bila kuruka neno. Nilimwacha amalize yote, kwa sababu nilitaka kuyasikia yote.

"Ndiyo," nilisema. "Nataka."

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Ramadhani. "Haya, rudi shimoni, gogo bado."

Sefania hakurudi. Lile gogo walilimaliza Ijumaa.