Sigara Haifagii Kifua

Mtaani Gerezani, jirani na Kariakoo, asubuhi hakuna usingizi. Nyundo zinalia kwenye vyuma, mafundi wanaitana, na pale kwenye ushirika wa magodoro fimbo zinapiga sufi: pwa! pwa! pwa! Vumbi jeupe linapanda mpaka darini.

Pantaleo alikuwa fundi wa sufi tangu enzi za mkoloni. Tena alikuwa mpiga tarumbeta wa ushirika. Kila Mei Mosi yeye ndiye aliyetangulia mbele ya wafanyakazi wenzake, mashavu yametuna, na wenye maduka wa Kariakoo wakatoka nje kumtazama. Lakini mwaka huu kifua kilimgomea. Akipuliza, wimbo unakatika, kikohozi kinadakia.

"Mzee, hilo ni tarumbeta au pikipiki mbovu?" Melkiori, kijana wa kazini, alimtania. "Mei Mosi haiko mbali. Nipe mimi nipulize."

"Kapulize moto wa jiko la mkeo!"

Watu wakacheka. Pantaleo naye akacheka, lakini moyoni aliumia. Tarumbeta lile lilikuwa heshima yake.

Hospitali walimpima makohozi, wasione kifua kikuu. Daktari akamwambia, "Acha sigara." Akaacha. Lo! Kikohozi kikazidi, makohozi yakaja mengi kuliko kwanza. Pantaleo akaogopa, akawasha sigara.

"Umerudia?" Severa, mkewe, alifoka.

"Nimerudia dawa yangu! Mtungi wa maji haufukizwi? Samaki akikaushwa kwa moshi, anaoza? Moshi unasafisha, mama!"

Jirani yao Zamzam, muuguzi wa zahanati, alikuwa anafua uani. Alicheka mpaka povu likamrukia.

"Kaka Pantaleo, samaki yule amekwisha kufa! Wewe bado unahema. Hebu niambie, nani alikufundisha kwamba sigara inasafisha kifua?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Pantaleo akafikiri.

"Msimamizi wetu, zamani zile za mkoloni. Ghala la sufi halikuwa na dirisha hata moja. Tulipoomba vitambaa vya kufunga pua, akatugawia sigara. Akasema, vuteni, moshi unasukuma vumbi."

"Na yeye alikuwa akiingia humo ghalani?"

"Aa, wapi! Alisimama mlangoni, leso puani."

"Leso puani!" Zamzam alisimama, mikono inachuruzika maji. "Umejisikia ulivyosema?"

Pantaleo akawakumbuka wenzake wa ghala lile, waliokufa wakikohoa, sigara mkononi, wakimshukuru msimamizi yule kwa ukarimu wake. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka. Kumbe! Mkoloni alishusha bendera yake akaenda zake, lakini uongo wake aliuacha vifuani mwa watu!

"Lakini dada, mbona nilipoacha nikazidi kukohoa?"

"Ndani ya kifua kuna vinyweleo vidogo mno. Kazi yake ni kufagia uchafu. Moshi unavilaza. Ukiacha sigara vinaamka, vinaanza kutoa takataka za miaka. Ndiyo maana unakohoa zaidi kwa muda, halafu kikohozi kinapungua. Ulikuwa unapona, ukajikatiza mwenyewe! Ila ukiona damu, au homa, au kikohozi kinakataa kupungua, rudi hospitali upesi."

"Na hamu ikinishika?"

"Kunywa maji, tafuna tangawizi, ondoka walipo wavutaji. Hamu inakuja, inapita. Na ukipiga sufi, funga pua."

Pantaleo aliifinyanga pakiti ya sigara, akaitupa jaani. Siku za mwanzo alikuwa mkali kama pilipili. Kikohozi kikazidi tena, lakini safari hii hakukiogopa. "Wafagiaji wako kazini!" alimwambia Severa.

Kwenye mkutano wa ushirika alisimama akaeleza yote. Wengi waliinamisha vichwa. Hata wao waliamini vile vile. Siku hiyo hiyo mbao zilizoziba madirisha ya ushirika zilibomolewa. Vipande vya kitambaa cha magodoro vikashonwa, kila mtu akapata cha kufungia pua. Melkiori naye akaacha kuvuta.

Mei Mosi ikafika, kikohozi kimekwisha kupungua. Pantaleo alipuliza tarumbeta kutoka Gerezani. Wimbo ukaingia Kariakoo mzima mzima, wanawake wakapiga vigelegele, wachukuzi wakatua mizigo yao wakafuata maandamano.

"Mzee, pumzika basi!" Melkiori alipiga kelele kutoka nyuma, jasho linamtiririka. "Sisi tumechoka!"

Pantaleo akatikisa kichwa, akavuta pumzi ndefu, akapuliza tena.