Krismasi ya Tarehe Sita

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili asubuhi, mlango wa Bibi Zofia uligongwa mara tatu.

"Hodi," sauti iliita.

"Karibu, mwanangu. Ingia."

Majirani wa Seven Hills, kitongoji cha Sydney, walikuwa wamezoea. Mwanzoni walishangaa. Bibi wa Kizungu, mzaliwa wa Polandi, mwenye miaka themanini na mitano, anaongea Kiswahili na mhudumu wake? Lakini Zofia hakujifunza Kiswahili Sydney. Alikuja nacho. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yeye, wazazi wake na mdogo wake Mikołaj walifukuzwa kwao. Walizunguka nchi nyingi, wakafika kambi ya wakimbizi ya Tengeru, karibu na Arusha. Walikaa huko miaka minane, ndipo meli ikawaleta Australia. Kiswahili chake kilibaki kile cha mtoto. Maneno ya benki na ya serikali hakuwa nayo. Ya kuku, mvua na ugali alikuwa nayo yote.

Goreth, mhudumu aliyekuja kumsaidia kuoga na kupika, alikuwa Mrundi. Naye alikulia kambini Tanzania, huko Kasulu. Siku walipogundua hayo, walicheka mpaka chai ikapoa.

Jumatano moja, tarehe ishirini na mbili Desemba mwaka 2021, Goreth aliingia amevaa barakoa yake. Korona ilikuwa imepamba moto tena mjini. Alimkuta Zofia jikoni, anapima ngano kwa kikombe.

"Keshokutwa Mikołaj anakuja," Zofia alisema. Uso wake uling'aa.

Kwa watu wa Polandi, chakula kikubwa ni cha mkesha wa Krismasi. Kwa kina Zofia, kilianza na ngano iliyochemshwa na kutiwa asali. Bakuli lilikuwa moja. Kila mtu alichota humo kwa kijiko chake. Waliokula bakuli moja walikuwa wamesameheana.

Na Zofia alihitaji sana kusamehewa.

Baba yao alikuwa Mworthodoksi, mama yao Mkatoliki. Kwao, ndoa kama hizo zilikuwa na desturi yake. Mtoto wa kiume alifuata dini ya baba, wa kike alifuata ya mama. Basi Zofia alikuwa Mkatoliki na Mikołaj Mworthodoksi. Wakatoliki wana mkesha wao tarehe ishirini na nne Desemba. Kina Mikołaj hufuata kalenda ya zamani. Mkesha wao ni tarehe sita Januari.

Wapolandi wengi waliomzunguka Zofia walikuwa Wakatoliki. Baadhi yao waliwatazama Waorthodoksi kwa jicho la pembeni. Walisema, Warusi ndio waliotufukuza, na Warusi ni Waorthodoksi. Kwa hiyo kila Mworthodoksi ni Mrusi kidogo. Chuki haihitaji akili nyingi.

Miaka kumi na mitatu nyuma, mezani kwa Zofia, rafiki yake Krystyna alimwambia Mikołaj, "Wewe si ungoje Krismasi yako ya Warusi?" Watu walicheka. Mikołaj alimtazama dada yake. Zofia aliitazama sahani yake. Basi Mikołaj akaweka kijiko chini, akavaa kofia, akarudi kwake, kitongoji cha Cabramatta.

Baada ya hapo Mikołaj alimwalika dada yake kila tarehe sita Januari. Zofia hakwenda hata mara moja. Aliogopa maneno ya wanawake wa kanisani. Mwishowe mialiko ilikoma.

Sasa Mikołaj alikuwa na miaka themanini na miwili, na kifua kibovu. Mwezi uliopita Zofia alimpigia simu akilia. Mikołaj alijibu, "Nitakuja. Nione kama kijiko changu bado kipo."

Zofia alikohoa. Goreth alisimama, ufagio mkononi.

"Hicho kikohozi ni cha tangu lini, Bibi?"

"Vumbi tu."

"Na koo?"

"Linawasha kidogo."

"Juzi juzi ulikaa na nani?"

Zofia alianza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. "Krystyna alikuja Jumapili. Tulitengeneza sambusa zetu za viazi."

"Yeye hajambo?"

"Jana alipima. Anayo."

"Bibi. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenikataza." Zofia aliviacha vikombe. "Mimi mzee, Goreth. Naye mzee. Krismasi nyingine nitaipata wapi?"

Goreth alimkalisha taratibu. Alifungua madirisha yote. Alinawa mikono, akavaa glavu, akatoa kipimo mkobani. Alizungusha kijiti chenye pamba ndani ya pua ya Zofia, tundu moja, kisha la pili. Akakikoroga kwenye maji ya dawa, akadondosha matone kwenye kipimo. Walingoja dakika kumi na tano. Mistari miwili ikatokea.

"Miwili ni nini?" Zofia aliuliza, ingawa alijua.

"Unayo, Bibi."

"Nitakaa mbali naye. Tutachota kijiko kimoja kimoja tu, basi."

"Bakuli moja? Na kifua chake kile?" Goreth alimshika mkono. "Utamlisha ugonjwa kwa kijiko. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hii ni mbaya zaidi. Unaficha wewe, anakufa mwingine."

Zofia alilia kimya kimya. Goreth hakumharakisha.

"Lakini nilichanjwa mara mbili," Zofia alisema baadaye.

"Ndiyo, na umefanya vizuri. Chanjo haizuii kila mtu kuugua. Inasaidia ukiugua usizidiwe."

Walimpigia daktari simu. Daktari alisema Zofia akae ndani siku kumi, asipokee wageni. Apumzike na anywe maji mengi. Goreth alimwachia kifaa kidogo cha kubana kidole, cha kupima hewa iliyomo kwenye damu.

"Pima asubuhi, mchana na jioni," alimfundisha. "Ikiwa tisini na tano au zaidi, ni nzuri. Ikishuka hapo, tunamwita daktari. Ikifika tisini na mbili, au ukikosa pumzi, piga sifuri tatu, namba ya dharura. Usingoje mimi wala mtu mwingine."

"Sawa. Na Mikołaj nimwambie nini? Atadhani nimemkataa tena."

Goreth alikaa karibu na dirisha. "Mama yangu alikuwa Mkatoliki," alisema. "Mdogo wake alihamia kwa walokole, pale pale kambini. Mama akaacha kumsalimia. Walichota maji bomba moja miaka mitano bila salamu. Mama mdogo alikufa kwa malaria. Mpaka leo mama anaongea naye peke yake, jikoni."



"Bibi, baba yenu na mama yenu walikuwa dini mbili. Kule Tengeru, Krismasi yenu ilikuwaje?"

Zofia alifumba macho. Aliona kibanda chao cha nyasi. Aliona sufuria ya mama juu ya mafiga.

"Mara mbili," alisema polepole. "Mama alipika ngano mara mbili. Desemba, halafu Januari. Baba alikuwa amekufa njiani, mikononi mwa Warusi, lakini mama alipika Januari kwa ajili yake na Mikołaj. Wanawake wa kambini walimsema sana. Aliwajibu, 'Tumbo lililowazaa ni moja.'" Alijifuta macho. "Nilikuwa nimesahau. Nilisahauje?"

Kisha akahesabu kwa vidole. Siku kumi zingekwisha siku ya mwaka mpya.

"Tarehe sita nitakuwa nimepona?"

"Ukiwa huna dalili, na kipimo kikiwa safi, nitakupeleka mwenyewe."

Zofia alipiga simu. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo kila mara alifungua spika.

"Mikołaj, Ijumaa usije. Nina korona."

"Haya," sauti ilijibu, kavu. "Basi ndiyo hivyo."

"Ngoja. Nina ombi. Tarehe sita nije kwako?"



"Dada, una homa?"

"Kidogo."

"Basi pona kwanza. Halafu uje na ngano."

Zofia aliugua kweli. Siku mbili mwili ulimwaka moto. Goreth alikuja amevaa barakoa, aproni na glavu, akamlisha supu. Mara moja kifaa kilionyesha tisini na nne. Hawakungoja, walimpigia daktari, na daktari akamfuatilia mpaka hewa ikapanda. Usiku wa tarehe ishirini na nne Zofia alikuwa peke yake kitandani. Alisikitika, lakini hakuogopa.

Tarehe sita Januari kipimo kilionyesha mstari mmoja. Goreth naye alipima, ukawa mmoja. Alasiri waliondoka, madirisha ya gari wazi, sufuria ya ngano mapajani mwa Zofia.

Mikołaj aliwangoja uani, chini ya mzabibu wake. Alikuwa amepanga meza nje, penye hewa. Alikuwa amekonda.  Zofia aliweka mabakuli matatu mezani.

"Matatu?" Mikołaj aliuliza. "Bakuli letu moja liko wapi?"

"Sufuria ni moja," Zofia alisema. "Mwaka huu kifua chako hakichangii bakuli."

Mikołaj alitabasamu kidogo. Walisali, kila mmoja kwa ishara ya kanisa lake, wakaanza kula. Ndipo simu ya Zofia ikalia. Ilikuwa Krystyna, amekwisha kupona.

"Zofia, nimegonga kwako, hupo. Uko wapi?"

"Cabramatta. Nakula Krismasi."

"Krismasi ilishapita." Krystyna alicheka. "Usiniambie uko kwenye ile ya Warusi."

Mikołaj aliweka kijiko chini.

Zofia alikiona kile kijiko. Alikumbuka kile cha miaka kumi na mitatu nyuma. Safari hii hakuitazama sahani.

"Krystyna, baba yangu alikufa mikononi mwa Warusi, na msalaba wake wa Kiorthodoksi shingoni. Leo ni Krismasi yake. Ni ya ndugu yangu pia, na yuko hapa anakusikia. Ukirudia neno hilo, usigonge kwangu tena."

Simu ilikatika. Nzi alizunguka juu ya asali. Goreth alitazama bakuli lake, akajifanya hayupo.

Mikołaj alikichukua kijiko chake. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili kile kile cha Tengeru, "Dada, ongeza asali."

Tangu hapo Zofia anapika ngano mara mbili, kama mama yake. Krystyna alinuna miezi mitatu. Lakini Januari iliyofuata alifika Cabramatta amevaa barakoa, na bakuli lake mwenyewe mkononi. Mikołaj alimwangalia kidogo, kisha akamvutia kiti.