Nani Amekalia Jenereta?

Mimi ni fundi jenereta, na giza sijawahi kuliogopa. Naogopa mashine inayolemewa na kitu ambacho sikukiunganisha. Chekeni tu.

Mwaka tisini na tatu, jioni ya mvua, Mama Recho wa Bombambili alinifuata karakana, kalowa chapachapa.

"Fundi, jenereta yako inakoroma. Tangu saa kumi nawaonyesha watoto video, sasa wakubwa wanakuja. Njoo upesi!"

Nikabeba spana. Mashine ile nilimfungia mwenyewe, kwenye korido ya nyumba, waya ukatoka hadi banda la video uani. "Weka ndani, mama, nje wezi," nilimwambia kwa mdomo wangu huu.

Mlangoni harufu ikanipokea. Petroli iliyoungua... na ubani.

Madirisha yote yalizibwa kwa matambara na tope.

"Mganga katuambia tuzibe matundu," akanong'ona. "Biasha alishammaliza mama mkwe wangu. Sasa anamtaka Recho. Mtoto kila jioni kichwa, kila jioni kutapika."

Biasha alikuwa jirani yao. Bibi yule alifariki usingizini mwezi wa saba, baridi ya Songea imewafungia watu madirisha. Wakamwita Biasha mchawi, wakamtimua, akarudi kwao Namasakata na wanawe. Recho, miaka sita, akarithi kitanda cha bibi, katika chumba kinachopakana na korido.

Nguu... nguu... nguu...

Mashine ilihema kama inapanda mlima. Nikahesabu mzigo: runinga, deki, taa mbili. Wati mia tatu hazifiki, na yenyewe inabeba elfu moja. Nikachomoa plagi zote. Giza. Tochi mkononi, waya chini.

Nguu... nguu...

Haikupata nafuu hata kidogo!

Kichwa kikaanza kunigonga. Nikamulika ekzosi, bomba la moshi.

Ilitazama mlango wa chumba.

"Recho yuko wapi?"

"Amelala humo..."

Nikapiga mlango teke. Mtoto alikuwa amelegea mikononi mwangu. Nikamlaza barazani, mvua ikimpiga usoni. "Recho! Recho mwanangu, amka!"

Nikamgeuza ubavu, nikamsugua mgongo.

Akakohoa. Akatapika. Mama yake akaangua kilio, nami nikalia naye, sioni haya.

Nikabana pumzi, nikarudi kuizima, nikaiburuta hadi chini ya paa la banda.

"Ni moshi, mama. Ukifungiwa ndani unaua. Hata mashine ilikosa hewa, ndiyo maana inakoroma. Hakuna mchawi."

"Kwa hiyo mama mkwe..." Akanishika mkono. "Fundi, usimwambie mtu. Tulimfukuza Biasha kwa mawe."

Na mimi ndiye niliyesema iwekwe ndani. Nikakubali haraka mno.

Nikaiwasha palepale nje, hewa tele, bila waya hata mmoja, nimwonyeshe inavyopumua.

Nguu... nguu... nguu...

Recho akainua kichwa. "Mama, mwambie bibi ashuke. Ataungua."

Moshi huvuruga akili ya mtoto, najua. Lakini mimi akili zangu zilikuwa timamu, na niliisikia ikilemewa.

Siku hizi nafunga jenereta nje tu, mbali na madirisha. Biasha hajarudi, na sijafungua mdomo. Na kila mashine ninayowasha, mpya kabisa toka kwenye boksi, kabla sijachomeka chochote, hulemewa kwanza.

Wateja huuliza, "Fundi, nini hiyo?"

Nasema petroli chafu.