Nani Alimwita Bwana Afya Msibani?

"Msiguse maiti! Rudini nyuma wote!"

Bwana afya alisimama mlangoni kwetu Ilomba, glavu mikononi. Wenzake wakaingia na ndoo ya dawa.

Mama yangu alikuwa amekata roho asubuhi ile ile...

Ndugu wasomaji, mwaka ule wa 1978 kipindupindu kilikuwa kimeingia, na kwetu matanga yalikatazwa. Na sisi Wanyakyusa mnatujua! Mtu akifa tunalia, tunacheza ngoma, tunachinja, watu wanalala msibani siku nyingi.

Ndiyo maana tulimficha mama ndani tangu alipoanza kuharisha.

Akazikwa na watu wasiomjua, kwa chokaa. Mimi niliangalia kwa mbali, kama mpita njia!

Baba mdogo Asukile akanisogelea.

"Isakwisa, nani kawaita hawa?"

"Sijui, baba."

"Digrii yote hiyo, hujui? Tuliojua ni wanne. Mimi, wewe, shangazi yako... na yule mchumba wako wa zahanati."



Tusekile? Posa yangu ilipokelewa kwao Jumapili. Mama alifariki Alhamisi.

Chuoni nilikuwa nikisoma sana riwaya. Mle ndani, wapendanao wakipatwa na vita au njaa ndipo wanazidi kushikamana. Niliamini kabisa! Kumbe kwetu hata kupeana mikono kulikuwa marufuku.

Wiki iliyofuata, Tusekile alipotuletea uji, nikaanza kumchunguza.

"Alhamisi ulipotoka kwetu ulikwenda wapi?"

"Kazini."

"Shangazi alikuona unakimbia."

"Sasa kazini nisikimbie?"

Alijibu bila kunitazama. Akanisogezea bakuli la uji. Nikalisukuma.

"Unadhani nimetia sumu?"

"Siku hizi sijui nani ni nani."

Akanyanyuka, akaondoka.

Baba mdogo hakunipa nafasi.

"Jumamosi tunakwenda kwao kuvunja posa. Huwezi kuoa mtu aliyemuuza mama yako!"

Usingizi ukanikimbia. Nilimpenda, jamani! Ijumaa mchana nikamfuata zahanati.

"Ni wewe uliyemwita bwana afya?"

"Ni mimi."

Hata hakutikisika!

"Umemzikisha mama yangu kama mzoga!"

"Shangazi zako wangemwosha kwa mikono, halafu wangepakulia watu chakula kwa mikono hiyo hiyo. Ungezika wangapi, Isakwisa?"

Nikageuka niondoke.

"Subiri. Soma hapa."

Akafungua daftari la wagonjwa. Jina la mama. Chini yake, kwa mwandiko wa Tusekile: *Mgeni aliyeingia nyumbani wiki hii: hakuna.*

"Bwana afya aliniuliza mara tatu," akasema polepole. "Mara tatu nimemdanganya."



Wasomaji, kuna jambo sikuwaambia.

Nilikuwa nafundisha Iringa. Pale Ipogolo, njiani kuja kwetu, barabara ilifungwa kwa ajili ya kipindupindu. Hupiti mpaka umeze vidonge na ukae siku kadhaa chini ya uangalizi. Mimi nilikuwa nawahi posa yangu! Nikashuka kwenye basi, nikazunguka kizuizi kwa miguu, mbele nikadandia lori. Tumbo lilinisumbua njiani siku nzima. Nikanyamaza.

Jumamosi, siku moja kabla ya posa, nikafika nyumbani. Mama akala sahani moja na mimi.

Jumanne akaanza kuharisha.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Si uliniambia mwenyewe? Tena ukicheka! 'Nimekwepa kizuizi kwa ajili yako, Tuse.'"

Nililia kama mtoto.

Siku iliyofuata nilisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili.

"Aliyeleta ugonjwa nyumbani ni mimi. Tusekile alinificha."

Baba mdogo akainamisha kichwa. Posa ilivunjwa kweli... lakini aliyeivunja ni baba yake Tusekile!

"Binti yangu simpi mtu anayefichwa," alisema.

Nikaanza upya. Nilikataliwa mara mbili. Mara ya tatu, baada ya mwaka na nusu, Tusekile mwenyewe akamwambia baba yake: "Baba, huyu sasa anasema ukweli kabla hajaulizwa."

Ndugu zangu, shida ikiingia nyumbani tunakimbilia kumchunguza mwenzetu. Anza na wewe mwenyewe. Mimi nilichelewa, na aliyelipa ni mama.