Mluzi wa Roshani ya Juu

Ilaria Ghiretti alimchukia Learco Soncini kabla hajalijua jina lake. Ilikuwa Jumamosi, soko la Parma limefurika, naye yuko kwenye foleni ya nyama, koti jekundu limefungwa mpaka kidevuni na skafu mbili shingoni, maana waimbaji wa opera huogopa upepo kuliko nyoka. Zamu yake ilipofika akaomba paja la nguruwe lililokaushwa, likatwe jembamba. Muuzaji, bwana mrefu mwenye aproni nyeupe, akamkazia macho.

"Wewe si ndiye soprano aliyeimba juzi?"

"Ndimi," Ilaria akajibu, akingoja sifa.

"Ile noti ya mwisho ilishuka kidogo. Nikukatie vipande vingapi?"

Foleni nzima ikacheka. Ilaria akahisi masikio yanawaka moto.

"Nani kakuuliza? Kazi yako si nguruwe wewe?"

"Kazi yangu ni pua, bibie. Nalichoma paja kwa sindano ya mfupa wa farasi, nanusa, nasema zima au bovu. Jioni napanda roshani ya juu, nafanya vilevile kwa masikio."

Hapo Ilaria akachukua nyama yake, akaondoka. Roshani ya juu ya ukumbi wa opera wa Parma ndiyo mahakama. Huko hukaa vinyozi, mafundi bomba na wauza jibini, watu wanaojua kila opera kwa moyo, na mwimbaji akiharibu humpigia miluzi mpaka ashuke jukwaani. Baba yake mwenyewe alikaa huko miaka thelathini. Kwa hiyo alinuna wiki nzima, na Jumamosi iliyofuata akarudi kununua nyama ambayo hakuihitaji. Kufikia vuli muuzaji huyo, Learco, alikuwa akisimama chini ya dirisha lake kila jioni, vidole viwili mdomoni, anapiga mluzi mmoja mrefu wa kumwita ashuke.

"Niahidi kitu," Ilaria alimwambia siku moja, kichwa kifuani pake. "Wote wananidanganya. Malvezzi, wakala wangu, hata nikikohoa atasema nimeimba. Wewe usinidanganye kamwe."

"Hata nikitaka siwezi, roho yangu. Uso wangu hunisaliti."

Ahadi ni rahisi wakati wa raha. Januari ikaja, na Ilaria akapewa uhusika mkuu Parma, huku akifanya mazoezi ya opera nyingine mji wa pili. Learco akaanza kusikia kitu.

"Sauti yako ya katikati ina mchanga."

"Uchovu huo."

"Si uchovu. Nenda kwa daktari, mpenzi."

"Malvezzi kasema iko sawa."

"Malvezzi hata paja bovu angelila akaomba la pili."

Wiki tatu wimbo ulikuwa huo huo. Siku ya onyesho la kwanza wakagombana kwenye simu.

"Ukipanda jukwaani leo, nitakushusha mwenyewe," Learco akasema.

"Thubutu," akasema Ilaria, akakata.

Katika kitendo cha pili cha opera, ndani ya gauni la hariri ya kijani, alifungua mdomo kwa ule wimbo mkubwa, na noti ikapasuka kidogo sana. Kisha juu kule ukatoka mluzi mmoja mrefu. Hakuhitaji kutazama. Ndio ule uliokuwa ukimwita dirishani. Nyuma yake ikafuata kumi, ikafuata mia. Ilaria akatupa upepeo wake sakafuni, akaondoka jukwaani, na mwimbaji wa akiba akamalizia onyesho.

Learco alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili, asubuhi yake, Ilaria akapokea, sauti imekauka.

"Umenivua nguo mbele ya mji wangu. Mluzi wetu, Learco. Ule ule."

"Nilikwambia nitakushusha."

"Mwanamume mwingine angekuja na maua."

"Huyo angekuacha umalize kitendo cha tatu, ukalie peke yako."

"Sasa sikiliza. Naenda kwa daktari leo hii. Ataniandikia cheti kwamba koo langu ni zima, nami nitakibandika kwenye meza yako ya nguruwe, Parma nzima isome."

"Nenda. Nilitaka hilo tu."

Dk. Zanardi, mama mmoja asiye na haraka, aliingiza kamera kooni, akatazama kwa muda mrefu.

"Nani aliyekukatiza jana?"

"Mpumbavu mmoja."

"Mshukuru. Kuna kimshipa kimevimba kwenye nyuzi za sauti. Kitendo cha tatu kingekipasua, na sijui kama ungeimba tena. Wiki sita usiseme neno. Hata kunong'ona, marufuku."

Ilaria alitoka pale na hasira mbili. Ya kwanza, kaaibishwa. Ya pili, na hii ndiyo iliyomchoma zaidi, mtu yule alikuwa amesema kweli. Malvezzi aliposikia wiki sita, alituma maua, kisha akampa soprano mwingine mkataba wa mji wa pili.

Jioni simu ililia. Ilaria akapokea, akanyamaza.

"Gonga simu," Learco akasema. "Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Una hasira?"

Ngo.

"Nyingi?"

Ngo.

"Nikate?"

Ngo, ngo.

Ikawa hivyo kila jioni, na hasira haikupungua. Jumamosi ya nne Ilaria akaenda sokoni na daftari, akalitupa juu ya meza: UNGENIAMBIA KWA UPOLE.

"Nilikuambia kwa upole wiki tatu. Hukusikia."

SIJAKUSAMEHE.

"Sijaomba. Ningefanya tena. Lakini nimekuumiza, Ilaria, najua, na tangu siku ile silali."

Ilaria akachapa meza kwa daftari, visu vikaruka. Learco akamtazama, akavua aproni.

"Haya. Uliaibika mbele ya watu. Na mimi niaibike."

Akapanda juu ya kreti, mbele ya soko zima, akaimba wimbo wa mapenzi wa opera ile ile kwa sauti ya bawaba iliyoshika kutu, na mwishoni, kwa noti ya juu kabisa, akamuuliza Ilaria kama atakubali amuoe.

Ilaria akaweka vidole viwili mdomoni. Mluzi wake ulikata soko. Vinyozi na wauza jibini wakaupokea, pale pakawa hapasikiki kitu. Learco hakushuka.

"Nifukuzeni baadaye," akasema. "Kwanza anijibu."

Miluzi ikanyamaza. Ilaria, uso bado umekunjwa, akagonga meza mara moja. Akangoja kidogo, mkono ukiwa hewani, na watu wote wakiutazama. Hakugonga tena.

Learco alipofika chini, alikuta ameshaandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa, ili foleni nzima isome: NOTI YA MWISHO ILISHUKA KIDOGO.