Dole Gumba la Shangazi

Jirani yetu, fundi wa programu za simu, alikuwa anamalizia programu ya wastaafu. Kila mstaafu alikuwa na jina lake na swichi moja kando yake: "Yuko hai." Ikiwashwa, kijani. Ikizimwa, kijivu. Badala ya kubuni majina ya majaribio, yeye kwa uvivu wake akajaza watu wa nyumbani. Juu aliweka shangazi aliyemlea, aliyepoteza ncha ya dole gumba akimchanjia kuni za uji. Chini yake akaweka mkewe.

Asubuhi hiyo, akinywa chai, akaona kwenye simu ya majaribio swichi ya shangazi ikijizima. Hakushtuka. Wenye kazi hiyo wanaijua kasoro hiyo: ukipandisha na kushusha orodha, swichi ya huyu hubeba hali ya yule. Akarekebisha. Ikajizima tena.

Simu yake nyingine ikaita. Alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi.

"Kaka, mama kaanguka! Hapumui!"

Akaiwasha ile swichi, huku akijiona mjinga.

"Ngoja," binamu akanong'ona. "Kafumbua macho."

Jikoni, sahani ikapasuka.

Swichi ya mkewe ilikuwa kijivu. Akakimbia. Mke alikuwa sakafuni, midomo imepauka. Akaiwasha. Mke akakohoa. Ya shangazi ikazima, na binamu akapiga yowe.

Akabonyeza zote mbili kwa pamoja. Ikabaki moja, ya shangazi. Mke akaacha kupumua.

Shangazi alikuwa akilala njaa ili yeye ale. Alilijua hilo vizuri sana, na roho ilimuuma. Hata hivyo akawasha ya mke, akaondoa kidole.

"Nisamehe, shangazi."

Upande wa pili, binamu alikuwa analia.

"Unaongea na nani?" mke akauliza kwa sauti ndogo.

Wakamzika shangazi. Fundi akaifuta programu, akaizima simu ya majaribio, akaifungia kabatini. Mke akapona, akarudi kuimba jikoni kama zamani.

Siku moja fundi alikuwa akitafuta waya kabatini, akaishika ile simu. Kwenye kioo cheusi kulikuwa na alama ya dole gumba, pale pale ilipokuwa swichi ya mkewe. Akaifuta kwa shati. Haikutoka. Akaikwangua kwa ukucha. Ilikuwa upande wa ndani.

Haikuwa na ncha.

Jikoni, wimbo ukakatika. Sahani ikapasuka.